Tumeenda kwa daktari wa meno, akauliza kansa ya utumbo. Nielewesheni

Mama_Twaha

Assalaam alaykum, na wengine habari za jioni. Niko Tanga. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba wenye ujuzi mnieleweshe bila kunitia hofu zaidi ya hii niliyonayo.

Mwanangu Twaha ana miaka 13. Chonge zake za juu hazijatoka mpaka leo, na kuna jino la utotoni bado limeng'ang'ania wakati wenzake wameshang'oa yote. Shuleni wanamwita kibogoyo. Nikasema nimpeleke akaangaliwe, labda atafungwa waya. Daktari, kijana mpole sana, akampiga ile picha kubwa ya taya zima, ile mashine inayozunguka kichwa. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniita nisogee kwenye kompyuta. Chonge zipo, zimelala kiubavu ndani ya mfupa. Pembeni yake kuna vijino ambavyo havitakiwi kuwepo, nikaonyeshwa vitatu. Na taya la chini, huku nyuma karibu na sikio, lina mabaka meupe ya mviringo. Akasema ni mfupa umejikusanya mahali pasipo pake. Akampapasa mtoto paji la uso, akakuta kinundu kigumu ambacho mimi siku zote nilijua ni cha kujigonga.

Nikawa nasubiri bei ya waya. Yeye akauliza: "Mama, kwenu au kwa baba yake, kuna mtu amewahi kuugua kansa ya utumbo mpana akiwa bado na nguvu zake?"

Nilikosa la kusema. Bamkwe wangu alifariki kabla sijaolewa, miaka arobaini na kitu, alikuwa anatoka damu chooni, akakonda mpaka akaisha. Shemeji yangu mkubwa naye akafuata akiwa na miaka 42, tumbo hilohilo. Yeye alipasuliwa, wakakuta imeshasambaa. Kwa wakwe zangu huko Pangani jambo hili lina maelezo yake: palikuwa na ugomvi wa shamba la minazi, mtu akafanyiwa kitu. Mama mkwe hataki kulisikia.

Daktari akaandika barua ya rufaa, mtoto akaangaliwe utumbo kwa kamera, na ndani yake kuna neno "Gardner" na alama ya kuuliza. Mume wangu ameisoma, akaiweka juu ya kabati. Anasema tumekwenda kwa ajili ya jino tunarudishwa na kansa, mwanawe hataingizwa mipira kwa sababu ya meno. Yeye ana miaka 41, haumwi popote, gunia la mkaa anabeba mwenyewe.

Jino na utumbo wapi na wapi jamani? Na kweli mtoto wa miaka 13 aingizwe kamera?

---

Chuma_cha_Pua

Pole dada. Ningekuwa mumeo ningefanya hivyohivyo. Mdogo wangu alizaliwa na jino la ziada katikati ya meno ya mbele, likang'olewa, leo ana watoto wanne na utumbo wake mzima. Siku hizi ukiingia hospitali na kidole unatoka na vipimo vya moyo. Tafuta daktari mwingine wa meno, akutibu meno.

---

Gego_la_Mwisho

Wa alaykum salaam Mama Twaha. Mimi ni daktari wa meno, niko Dodoma, na hizo picha kubwa za taya ndizo ninazokesha nazo. Picha ya Twaha sijaiona, kwa hiyo sitasema anaumwa wala haumwi. Ila aliyemwona aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na Chuma cha Pua, maana hoja yake ina ukweli ndani yake. Jino moja la ziada katikati ya kato za juu ni jambo la kawaida kabisa. Tunaling'oa na maisha yanaendelea, hakuna anayeandikiwa rufaa ya utumbo kwa hilo. Hata chonge kuzama ni kawaida. Ukitoa magego ya mwisho, chonge za juu ndizo zinazoongoza kwa kukwama. Kila kimoja kikija peke yake hakina habari.

Habari inaanza vinapokutana. Meno ya ziada zaidi ya moja, meno yaliyozama, na vivimbe vya mfupa kwenye taya, hasa kwenye kona ile chini ya sikio, vyote kinywani mwa mtoto mmoja. Hapo daktari anatakiwa afikirie ugonjwa wa kurithi unaojaza vinyama, yaani vivimbe vidogo vya nyama, kwenye utumbo mpana. Kitaalamu unafupishwa FAP, na sura yake yenye dalili za mifupa, meno na ngozi ndiyo inayoitwa Gardner. Tafiti za wagonjwa wa FAP zimekuta meno ya ziada kwa 11 hadi 27 katika kila 100, wakati kwa watu wengine hayafiki hata 5. Vivimbe vya mfupa ni vingi zaidi: tafiti nyingine zimevikuta kwa karibu nusu yao, nyingine kwa zaidi ya hapo. Na mara nyingi dalili za taya hutangulia zile za utumbo. Kwa hiyo daktari wa meno anaweza kuuona ugonjwa huu miaka kadhaa kabla mtu hajaenda kwa daktari wa tumbo.

Upo ugonjwa mwingine wa kurithi unaojaza meno ya ziada, tena mengi kuliko huu, ila wenyewe hauna uhusiano na utumbo. Wenye ugonjwa huo mifupa ya mtulinga haijakamilika au haipo kabisa, wanaweza kuleta mabega mbele mpaka yakaribie kugusana chini ya kidevu. Mwambie Twaha ajaribu. Akishindwa, kama tunavyoshindwa sisi wengine, huo unaelekea kutoka kwenye orodha.

Sasa jino na utumbo wapi na wapi. Kuna jeni, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, inaitwa APC. Kazi yake kubwa ni breki: kuna ishara ndani ya seli inayoziambia zigawanyike zijenge kitu, na APC ndiyo inayoizima ishara hiyo kazi ikiisha. Utumbo unaitumia ishara hii kila siku, maana ngozi yake ya ndani hujibadilisha kila baada ya siku chache. Mtoto akiwa tumboni, taya linaitumia hiyohiyo kuchipua meno, na mifupa nayo inaitumia. Aliyerithi APC mbovu hukosa breki kamili kotekote. Kwenye taya linachipua jino ambalo halikuhitajika, kwenye mfupa linaota nundu, kwenye utumbo vinaota vinyama. Jino halimdhuru mtu. Vinyama ndivyo shida, kwa sababu havioti viwili vitatu, vinaota mamia hadi maelfu, na katika wingi huo kimoja lazima kitageuka kansa.

Aliyeliunganisha jambo hili hakuwa hata daktari wa tumbo. Eldon Gardner alikuwa mwalimu wa elimu ya urithi huko Utah, Marekani. Mwaka 1951 aliandika kuhusu ukoo mmoja uliokuwa ukifa kwa kansa ya utumbo, kizazi baada ya kizazi. Alipoendelea kuwachunguza, akaona hao hao wana manundu ya mfupa usoni na kichwani, na vivimbe laini chini ya ngozi. Mwaka 1962 madaktari wa meno Marekani wakaongeza habari ya meno. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1991. Nataja miaka hii ili mumeo ajue kuwa kijana wa Tanga hakuitunga hiyo habari ya "Gardner" ili auze vipimo. Imo kwenye vitabu tulivyosomea sote.

Ila kuna jambo limenikalia vibaya tangu nisome posti yako, na si Twaha.

Ugonjwa huu hauruki kizazi. Mwenye nao humpa kila mtoto nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Wapo wanaoanza nao wenyewe bila kurithi, kama robo hivi ya wagonjwa, lakini kwenu babu ameumwa, baba mkubwa ameumwa. Twaha akiwa nao, umepita kwa baba yake. Kwa ukoo kama huu, njia nyingine ya kumfikia ni ngumu kuiona. Na kwa wasiotibiwa, wastani wa umri wa kupata kansa ni miaka 39. Vinyama huanza kuonekana kwenye miaka 16 kwa wastani, na wenye jeni hii karibu wote wanavyo wakifika 35. Mtoto wa miaka 13 ana muda. Mwanamume wa miaka 41 ambaye baba na kaka walikufa hivyo, muda wake hatuujui. Kubeba gunia si kipimo. Vinyama haviumi, na kansa ya utumbo mwanzoni haiumi.

Kwa hiyo ile barua iliyo juu ya kabati ina jina la Twaha, lakini anayetakiwa kutangulia ni baba Twaha. Muulize, au muangalie wewe mwenyewe maana wewe ndiye unayemjua: ana nundu ngumu kwenye taya au kichwani? Ana vivimbe vya chini ya ngozi? Meno yake yalitoka yote?

---

Mama_Twaha

Dokta, nimesoma nikainuka nikaenda kukaa uani kwanza.

Nundu ya taya anayo. Chini ya sikio la kushoto, kigumu kama kokwa, tangu nimjue. Kinyozi wake hukilalamikia. Yeye husema aligongwa na goti kwenye mpira. Na kichwani na mgongoni ana vile vivimbe vya mafuta, vingine ameshavitumbua kwenye zahanati vikarudi. Marehemu shemeji alikuwa navyo hivyohivyo, tukisema ni alama ya ukoo wao, hata mama mkwe akitania kwamba usipokuwa na kivimbe si wa kwao.

Mabega Twaha amejaribu, hayafiki popote.

Nimemsomea mume wangu. Hajajibu ila hajaondoka pia.

---

Halima_wa_Ngamiani

Samahani kuingilia mada. Binti yangu ana vidoa vyeusi kwenye midomo na ndani ya mashavu tangu akiwa mdogo, na nimesikia navyo vinahusiana na utumbo. Ni huohuo? Na sisi waswahili si wote tuna fizi nyeusi?

---

Gego_la_Mwisho

Halima, huo ni mwingine, unaitwa Peutz-Jeghers, una jeni yake. Na swali lako la fizi ni zuri kuliko unavyodhani, maana picha za vitabuni nyingi ni za watu weupe. Weusi wetu wa kawaida hukaa kwenye fizi, umetandaa kama utepe, pande mbili zinafanana. Vidoa vya ugonjwa huu ni vitone vilivyoachana, vya milimita 1 hadi 5, vinaweza kuvuka mstari wa mdomo kwenda kwenye ngozi, vinakaa ndani ya mashavu, wakati mwingine puani, kuzunguka macho na kwenye ncha za vidole. Vya midomoni hufifia mtu akikua, vya ndani ya mashavu hubaki. Vinyama vyake hupenda zaidi utumbo mwembamba, na kwa mtoto hatari iliyo karibu ni utumbo kujimeza: tumbo linanyonga ghafla, anatapika. Kama binti amewahi kuumwa tumbo la namna hiyo, au kuna ndugu ana vidoa hivyohivyo, usisubiri, mpeleke. Fungua uzi wako tafadhali, nitakuja, hapa tusimpoteze Mama Twaha.

---

Sina_Utumbo_Mpana

Mama Twaha, jina langu humu si utani. Nina FAP. Utumbo mpana ulitolewa wote nikiwa na miaka 24, wakanitengenezea kifuko ndani kwa utumbo mwembamba na kukiunganisha chini. Sivai mfuko wa nje. Niliuvaa miezi ya mwanzo tu, mpaka palipounganishwa papone.

Naandika hasa kwa ajili ya mumeo, maana maneno yake ndiyo niliyoyasema mimi. Kamera yenyewe si kitu. Unachomwa sindano ya usingizi, unaamka unauliza wataanza lini. Kazi iko siku moja kabla: chakula hakuna, unakunywa maji, chai kavu, juisi isiyo na nyama za matunda, na ile dawa ya kusafisha tumbo ambayo ina ladha ya maji ya bahari yenye limau. Usipange safari, usipange wageni, choo kiwe chako peke yako. Dawa iliyopoa kwenye friji inamezeka zaidi, na tumia mrija.

Baada ya operesheni nakwenda chooni mara tano, sita kwa siku, usiku mara moja. Maharage nakula kidogo, pilipili naijutia, jua likiwa kali nakunywa maji yenye chumvi na sukari. Nafanya kazi, nina mke na mtoto. Kila baada ya muda naangaliwa kwa kamera ya mdomoni, kwa sababu vinyama vinaweza kuota pia mwanzo wa utumbo mwembamba, na kile kifuko nacho kinachunguzwa. Hakuna siku utaambiwa umemaliza. Lakini baba yangu hakufika 45, na mimi nimeshampita.

Mimi meno yangu yalikuwa sawa kabisa, mfupa hauna kitu. Kwa hiyo ndugu wengine wa mumeo wasije wakajipapasa taya, wasione nundu, wakasema wamepona.

---

Gego_la_Mwisho

Asante sana Sina Utumbo, hasa kwa hilo la mwisho. Kinywa kikiwa na dalili kinasaidia. Kikiwa safi hakithibitishi chochote.

Mama Twaha, hicho kivimbe cha taya na hivyo vya kichwani ndivyo Gardner alivyoviandika. Bado si uthibitisho, ila sasa barua ya rufaa ni ya watu wawili. Nitakachofanya ningekuwa mimi:

Baba Twaha aende kwanza, hospitali ya Muhimbili (Dar es Salaam) au KCMC (Moshi), popote penye kamera ya utumbo na daktari bingwa wa mfumo wa chakula. Akifika asiseme "nimekuja kucheki tumbo". Aseme hivi: baba yangu na kaka yangu wamekufa kwa ugonjwa wa utumbo kabla ya miaka 50, mwanangu ana meno ya ziada na vivimbe vya taya, mimi mwenyewe nina hiki hapa, naulizia FAP. Sentensi hiyo moja itamfikisha haraka kuliko malalamiko yoyote. Kama karatasi za marehemu shemeji zipo, ya operesheni hasa, aende nazo.

Twaha anaweza kufuata. Miongozo mingi inataka kuanza kuangaliwa utumbo kati ya miaka 10 na 15, kwa hiyo hajachelewa. Kwa umri huo mara nyingi kamera fupi inayoangalia sehemu ya mwisho ya utumbo inatosha kwa kuanzia. Vikionekana vinyama ndipo inafanywa ndefu. Baba akipimwa jeni na kosa likapatikana, Twaha atahitaji damu tu: akiwa hana, hana, na kamera hazitamhusu. Kipimo cha jeni kisipopatikana, kamera yenyewe inafanya kazi.

Kuna kipimo kingine rahisi ambacho watu hawakifikirii. Mpelekeni kwa daktari wa macho, amtie dawa ya kupanua mboni, atazame nyuma ya jicho. Wengi wenye FAP wana madoa meusi hapo, yasiyodhuru uoni. Yakionekana mengi kwenye macho yote mawili, ni dalili kubwa kwamba FAP ipo. Yasipoonekana, endeleeni na safari kama ilivyopangwa.

Waya za meno zisifungwe sasa. Mfupa wa watoto hawa mara nyingi ni mzito kuliko kawaida na mizizi hung'ang'ania, kwa hiyo kuzivuta hizo chonge au kuvitoa hivyo vijino ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, akae na anayenyoosha meno wapange pamoja. Nundu ya taya isiyozuia kufunguka kwa mdomo haihitaji kukatwa.

Kuhusu mama mkwe sitagombana naye. Amezika mume na mwana, na maelezo aliyokuwa nayo ndiyo aliyopewa. Lakini mumwombe awataje wengine: mume wake alikuwa na ndugu? Na huyu shemeji aliyefariki, aliacha watoto?

---

Mama_Twaha

Aliacha watatu. Mkubwa ana 19, anaendesha bodaboda Muheza, wa kati 16, wa mwisho 11. Mkubwa ana kinundu kwenye paji, nakikumbuka vizuri sasa hivi ninavyoandika. Mama yao aliolewa tena lakini tunaongea.

Bamkwe alikuwa na dada, yuko hai, zaidi ya sabini, Mombasa. Yeye na wanawe nawaweka wapi?

Mume wangu ameuliza swali lake la kwanza. Anataka kujua kama akiwa nao, lazima akatwe utumbo.

---

Gego_la_Mwisho

Huyo wa 19 aende pamoja na baba mdogo wake, siku hiyohiyo ikiwezekana. Wa 16 na wa 11 wafuate na Twaha. Shangazi wa Mombasa kufika zaidi ya sabini bila ugonjwa maana yake karibu hakika hana, na asiyekuwa nao hana cha kuwapa wanawe. Apigiwe simu ya salamu, na aulizwe anakumbuka nini kuhusu wazazi wao.

Swali la baba Twaha: akikutwa na vinyama kwa mamia, ndiyo, utumbo mpana hutolewa, kwa sababu haiwezekani kuvikata kimoja kimoja ukavimaliza. Kiasi gani kinatolewa, na kama sehemu ya mwisho inaweza kubakizwa, inategemea vinyama viko wapi na ni vingi kiasi gani. Hilo ataambiwa na daktari wa upasuaji akiwa na majibu mkononi. Aweza pia kukutwa hana kitu, na hapo kwa umri wake tutakuwa tumemwondolea Twaha mzigo mkubwa.

Picha ya taya ombeni nakala kamili kwenye CD au flashi, msitegemee ile ya kupiga kwa simu, vivimbe vidogo vinapotea. Na ile barua ishusheni, mkapige fotokopi mbili.